Fuata Maji: Mwongozo Kamili wa Kukagua Jengo la Zamani la Fleti Kabla ya Kulinunua

Siku ya kwanza muuzaji atakupeleka kwenye fleti moja. Itakuwa ile iliyohamwa hivi karibuni: imepakwa rangi upya, sakafu imepigwa deki, madirisha yamefunguliwa tangu asubuhi. Iangalie kwa heshima, maana kila mwenye mali huonyesha kilicho kizuri kwanza. Kisha omba ufunguo wa paa.

Jinsi atakavyolipokea ombi hilo ni habari yako ya kwanza kuhusu jengo. Akisema ufunguo uko kwa fundi na fundi yuko safarini, usiondoke hapo kabla hamjapanga siku ya kurudi.

Anayenunua jengo zima ananunua paa moja, msingi mmoja, bomba kuu moja la maji taka, swichi kuu moja, na mikataba ya watu asiowajua. Fleti moja ikiharibika unakosa kodi ya mpangaji mmoja. Paa likiharibika, ghorofa ya juu yote inadai, na ya chini yake inajiandaa kudai. Kwa hiyo sehemu zinazoamua kama umepata mali au umenunua deni ni zile ambazo mgeni haonyeshwi: juu ya paa, ndani ya vishimo vya mabomba (njia za wima zinazopitisha mabomba kutoka ghorofa hadi ghorofa), nyuma ya sinki, chini ya mifuniko ya chemba.

Na karibu kila kasoro kubwa niliyowahi kuikuta kwenye jengo la zamani ilikuwa na maji nyuma yake. Maji huozesha mbao, hutia kutu nondo ndani ya zege, hufika kwenye nyaya, hulegeza udongo chini ya msingi. Ndiyo maana naukagua mwili wa jengo kwa kufuata njia ya maji yenyewe: naanzia juu, nashuka na kuta na mabomba, naishia ardhini. Ila karatasi zinatangulia. Hakuna haja ya kupanda ngazi za jengo ambalo anayeliuza hana haki ya kuliuza.

Hatua ya kwanza: karatasi, ukiwa bado mezani

Wakili wako aende mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi akaitafute hati. Nakala aliyonayo muuzaji haitoshi. Anatafuta jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama, kesi, na haki za majirani kama njia ya kupita au bomba linalokatiza kiwanja.

Omba ramani zilizoidhinishwa, kisha simama barabarani uhesabu ghorofa. Hili linachukua dakika moja, na wengi hawalifanyi. Ramani ikisema nne na wewe unahesabu sita, nguzo na msingi vimebebeshwa mzigo ambao hakuna mhandisi aliyeupigia hesabu. Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, lilikuwa na ghorofa za juu zilizoongezwa bila kibali. Nyufa zilionekana tarehe 23 Aprili 2013, na kesho yake jengo likaporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Ghorofa zilizoongezwa kiholela hazina bei nzuri. Mpaka mhandisi akuthibitishie kwa maandishi kwamba msingi unazibeba, zihesabu kama hasara.

Omba bili za maji na za umeme wa sehemu za pamoja za miezi 24. Zipange mezani kwa mfuatano wa miezi. Bili ya maji inayopanda polepole huku idadi ya wapangaji ikiwa ileile mara nyingi maana yake kuna bomba linalovuja mahali pasipoonekana. Omba pia kumbukumbu za madai ya bima: jengo lililodai fidia ya maji mara kadhaa limekwisha kukuambia pa kuangalia.

Halafu daftari la wapangaji. Liweke upande mmoja, mikataba upande wa pili, taarifa za benki katikati. Kodi iliyoandikwa kwenye daftari ni nia tu, iliyoingia benki ndiyo kodi. Utakuta fleti iliyoandikwa kuwa ina mpangaji na hakuna pesa iliyoingia kwa miezi mitano. Utakuta ndugu wa mwenye nyumba anakaa kwa nusu ya bei. Na amana za wapangaji, je, zipo? Ukinunua jengo, mpangaji akihama atakudai wewe, hata kama amana yake ililiwa na mwenye nyumba wa zamani.

Hatua ya pili: vifaa na nyakati

Beba tochi yenye mwanga mkali, bisibisi, nyundo ndogo, sumaku, futi kamba, penseli, gololi moja, kioo kidogo cha mkononi, ndoo, na simu yenye nafasi ya picha mia kadhaa. Kila picha iambatane na namba ya fleti, la sivyo jioni utakuwa na picha arobaini za madoa usiyojua yako wapi.

Nenda mara tatu. Mchana kwa ajili ya macho. Usiku, watu wote wakiwa wamerudi, wanapika na kuoga, ndipo utajua presha ya maji na uwezo wa umeme. Na mara moja baada ya mvua kubwa. Ukinunua wakati wa kiangazi huna mvua, basi utasoma alama zake: michirizi kwenye kuta, duara za matope makavu juu ya paa, ukungu kwenye pembe.

Hatua ya tatu: paa

Kwenye paa la bapa, tafuta mahali maji yanaposimama. Maji yakibaki saa 48 baada ya mvua, paa halina mteremko wa kutosha au slabu, yaani bamba la zege la paa, imebonyea. Tazama tabaka la lami au plastiki linalozuia maji: limevimba? Limepasuka kwenye maungio? Kanyaga taratibu, ukihisi kama unakanyaga sifongo ujue maji yamekwisha kuingia chini yake. Kagua hasa pale tabaka linapopanda ukutani na pale bomba, mlingoti wa antena au mguu wa tangi unapolitoboa. Katikati ya paa huwa pazima, kingo ndizo huvuja.

Kwenye paa moja nilihesabu viraka saba vya lami mahali pamoja, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, kama mwezi unaokua. Mwenye jengo aliniambia kwa moyo mweupe kwamba kila mwaka analipa fundi. Nilimwaga ndoo ya maji hapo. Yalitiririka, yakafika karibu na tundu la kutolea maji, yakasimama. Tundu lilikuwa juu ya uso wa paa kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu slabu ilikuwa imezama kidogo upande ule. Miaka saba alikuwa akilipia lami, na tatizo lilikuwa mteremko. Ndiyo maana nakuambia ubebe ndoo.

Hesabu matangi. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10. Uliza lini liliwekwa na kama liko kwenye ramani. Kisha shuka kwenye fleti iliyo chini yake utazame dari.

Kwenye paa la mteremko, ingia darini, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Kila unapoona mwanga wa jua, maji nayo hupaona. Choma mbao kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, mbao imeoza au imeliwa. Tafuta vijinjia vya udongo vya mchwa na unga mwembamba chini ya maungio.

Mabati ya saruji ya zamani yanaweza kuwa na asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba, na vivyo hivyo vifuniko vya mabomba ya joto na baadhi ya vigae vya sakafu. Usivunje, usikwangue, usitoboe ili kuhakikisha. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya kufikia 2005, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa pumzini huleta saratani baada ya miaka mingi. Maabara itapima kipande kilichochukuliwa na mtu mwenye vifaa vya kujikinga. Kuiondoa ni kazi ya wataalamu, na gharama yake lazima iingie kwenye hesabu yako.

Hatua ya nne: kuta, nyufa na zege

Hapa ndipo watu huogopa wasichopaswa kuogopa, na kupita bila kutazama kile cha kuogopesha. Nenda polepole.

Ufa mwembamba kama unywele, chini ya milimita 1, uliotawanyika kwenye plasta kama ramani ya mito, mara nyingi ni plasta iliyonywea ilipokuwa ikikauka. Ufa ulionyooka kati ya nguzo na ukuta wa matofali kwa kawaida ni vitu viwili vinavyotanuka kwa viwango tofauti. Ufa wa ukutani unaozidi milimita 5, unaoambatana na milango iliyogoma kufunga, unataka maelezo ya mhandisi. Ukizidi milimita 15, usiendelee na mazungumzo ya bei mpaka umepata maelezo hayo.

Umbo la ufa lina maana kuliko upana wake. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha, au unaopanda ngazi kwa ngazi kati ya matofali, huonyesha kwamba upande mmoja wa jengo unazama kuliko mwingine. Tazama kama ni mpana zaidi juu au chini, uandike. Kisha utazame kingo zake. Kingo zilizoingia uchafu na rangi ya zamani ni za ufa uliotulia. Kingo kali na safi, au kiraka kipya kilichopasuka tena palepale, ni jengo ambalo bado linatembea. Chora mstari wa penseli kwenye ncha za ufa, weka tarehe, na ukirudi baada ya wiki kadhaa uone kama umevuka mstari.

Vipimo hivyo vya milimita ni vya kuta za matofali. Kwenye nguzo na boriti za zege havitumiki. Ufa wa mshazari karibu na pale boriti inapokaa juu ya nguzo, hata ukiwa mwembamba, ni wa kuitiwa mhandisi siku hiyohiyo.

Sasa nondo. Zege jipya lina ukali wa alkali wa pH zaidi ya 12, na ukali huo ndio unaoikinga nondo na kutu. Miaka inavyopita, hewa ya kaboni dayoksaidi hupenya taratibu na kuupunguza. Ukishuka hadi karibu 9, kinga imekwisha, na unyevu ukifika, nondo hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, hivyo huisukuma zege kutoka ndani mpaka ipasuke na kumeguka. Karibu na bahari, chumvi hufanya kazi hiyo haraka zaidi.

Dalili utaziona kwa mpangilio huu: mchirizi wa rangi ya kahawia, kisha ufa ulionyooka unaofuata mstari wa nondo, kisha plasta inayolia kama mtungi mtupu ukiigonga kwa nyundo, mwisho chuma chenyewe kikiwa nje. Gonga chini ya vibaraza, dari za chini ya mabafu, dari ya maegesho, na miguu ya nguzo karibu na sehemu za kufulia. Zege zima hulia kavu na kwa ukali.

Mhandisi wako anaweza kumegua kipande kidogo na kukinyunyizia dawa iitwayo fenolftaleini. Zege lenye kinga hugeuka rangi ya waridi iliyokolea palepale, lililoipoteza hubaki na rangi yake ya kijivu. Pima kwa rula unene wa sehemu ya kijivu. Kama haujafika kwenye nondo, bado una miaka. Kama umeipita, unanunua ukarabati mkubwa. Sijui kipimo kingine cha bei ndogo kinachosema mengi kiasi hicho.

Vibaraza vinavyoning'inia bila nguzo vinahitaji jicho la pekee. Kwenye slabu ya kawaida nondo zinazobeba mzigo ziko upande wa chini, lakini kwenye kibaraza cha kuning'inia ziko upande wa juu, yaani palepale maji ya mvua yanaposimama. Ukitazama kutoka chini unaweza kuona zege safi ilhali chuma cha juu kimeliwa. Panda, mwaga maji, uone kama yanaelekea nje au yanarudi mlangoni. Shika reli uisukume, kagua miguu yake kwa kutu. Kama mpangaji amejenga ukuta juu ya kibaraza akapata chumba cha ziada, andika.

Wanaodhani maji ni tatizo la rangi tu wakumbuke Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12 huko Surfside, Florida, lililokamilika mwaka 1981. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba tabaka la kuzuia maji kwenye eneo la bwawa la kuogelea lilikuwa limeshindwa kazi na zege chini yake linaharibika. Tarehe 24 Juni 2021 sehemu kubwa ya jengo ilianguka usiku, wakafa watu 98. Ripoti ilikuwepo. Kwa hiyo muulize muuzaji kwa maandishi: je, jengo hili limewahi kukaguliwa na mhandisi, na ripoti iko wapi?

Hatua ya tano: ndani ya fleti, zote

Muuzaji atakupendekezea tatu. Wewe omba zote. Ile ambayo mpangaji kasafiri na ufunguo haupo, iweke alama, maana ndiyo unayotakiwa kurudi kuiona.

Usizunguke ghorofa kwa ghorofa. Fuata safu ya mabomba: bafu la juu kabisa, kisha bafu lililo chini yake, kisha la chini yake tena. Kwa njia hiyo doa lililo kwenye dari ya fleti ya tatu unaliunganisha na sinki ulilolifungulia maji dakika tano zilizopita kwenye ya nne.

Kuna unyevu wa aina tatu, na dawa zake hazifanani. Unaovuja hutoa duara la kahawia lenye kingo nyeusi, na hukua. Unaopanda kutoka ardhini hukaa ghorofa ya chini tu, hauzidi sana mita moja kutoka sakafuni, na huacha chumvi nyeupe ukutani. Ule wa pumzi na mapishi huleta ukungu mweusi kwenye pembe baridi na nyuma ya kabati, na mara nyingi huhitaji hewa zaidi kuliko fundi. Sehemu moja ya dari iliyopakwa rangi mpya huku nyingine zikiwa za zamani, iguse kwa mgongo wa mkono. Ubaridi utakuambia.

Fungua kabati chini ya sinki uvute harufu. Funga na ufungue kila mlango, uangalie kama umerandwa juu ili uingie kwenye fremu iliyopinda. Weka gololi sakafuni katikati ya chumba: ikibingirika upande uleule katika kila ghorofa, jengo limeinama na mhandisi apime kiasi gani.

Hatua ya sita: maji safi na maji taka

Tafuta bomba lililo wazi, ulikwangue kidogo kwa bisibisi. Sumaku ikinasa ni chuma. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huishi kiasi cha miaka 40 hadi 50, huku yakizibwa na kutu kutoka ndani, hadi tundu la kupitisha kidole linabaki la kupitisha penseli. Rangi nyekundu ya shaba ni habari njema zaidi. Bomba laini la kijivu lisilonasa sumaku na linalong'aa kama fedha ukilikwangua ni risasi, ni sumu kwa wanaokunywa maji yake, hasa watoto, na lazima litoke.

Panda ghorofa ya juu, fungua bomba la jikoni na la kuogea kwa pamoja, kisha vuta choo. Mkondo ukifa, umepata jibu. Fungua bomba asubuhi na mapema kabla ya wengine kuamka: maji ya kwanza yakiwa ya kahawia, kutu iko ndani. Soma mita kuu saa sita usiku na uisome tena saa kumi alfajiri. Wakati huo watu wamelala, maji yaliyopita ni yale yanayovuja pamoja na vyoo visivyofunga vizuri. Uliza pia kama kila fleti ina koki yake ya kufungia. Bila koki hizo, kila kazi ndogo ya fundi bomba itakata maji ya jengo zima.

Kwenye maji taka, fungueni mifuniko ya chemba zote. Mtu mmoja asimame juu avute choo, wewe usimame chemba. Maji yanatakiwa yapite kwa kasi, yasisimame wala kurudi nyuma. Mafuta yaliyoganda pembeni, mizizi ya mti, au alama ya maji iliyo juu ya mdomo wa bomba vyote vinaeleza kuziba kwa mara kwa mara. Mabomba wima ya chuma hupasuka upande unaoelekea ukuta, usioonekana. Kioo cha mkononi ni kwa kazi hiyo. Ukisikia sinki likigugumia jirani anapovuta choo, bomba la hewa limeziba au halikuwekwa.

Lipia kamera ipitishwe kwenye bomba kuu mpaka mwisho wa kiwanja. Kuchimba na kubadilisha bomba lililo chini ya sakafu watu wakiwa wanaishi humo ni kazi ya gharama na ya uchungu kwa kila mmoja. Kama jengo linatumia shimo badala ya mfereji wa mji, uliza ukubwa wake na stakabadhi za kulinyonya.

Hatua ya saba: umeme

Usifungue bodi mwenyewe. Unachoweza ni kutazama, kunusa na kusikiliza: kifuniko cha moto, harufu ya plastiki iliyoungua, mvumo, soketi zenye weusi, fyuzi iliyowekewa kipande cha waya. Soketi zisizo na waya wa ardhi, na nyaya zilizofunikwa kwa mpira unaovunjika kama biskuti, maana yake ni kuvuta nyaya upya. Majengo mengi ya Marekani ya miaka ya 1965 hadi 1973 yalitumia nyaya za aluminiamu, ambazo maungio yake hulegea na kupata moto. Popote ukizikuta, fundi azikague moja moja.

Fundi umeme wako apime ukinzani wa ganda la nyaya, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500, usipungue megaomu 1, na aone kama kuna vikata umeme vya miliampea 30 vinavyookoa mtu anayepigwa na shoti. Swali kubwa la kifedha ni uwezo wa laini kuu. Jengo lililofungwa umeme enzi za balbu na redio leo linabeba majiko, hita za maji na viyoyozi. Kuiongeza laini huenda kukadai nyaya mpya kutoka barabarani hadi kila mlango.

Hatua ya nane: moto na lifti

Shuka ngazi ya dharura mwenyewe, mpaka nje, ukihesabu vizuizi: mlango uliofungwa kufuli, baiskeli, stoo ya mtu. Vishimo vya mabomba vizibwe kila ghorofa, la sivyo moshi utapanda humo kama kwenye bomba la jiko. Kama kuta za nje zimevikwa paneli, ujue ni za nini. Paneli zenye plastiki ndani ndizo zilizoeneza moto kwenye Grenfell Tower mjini London tarehe 14 Juni 2017, wakafa watu 72. Kwa lifti, omba daftari la matengenezo na cheti cha ukaguzi, na uangalie kama kuna maji chini ya shimo lake.

Hatua ya tisa: chini na kiwanja

Hapa safari ya maji inaishia. Ardhi inatakiwa iteremke kutoka kwenye jengo kwenda nje. Tazama mistari ya mafuriko ya zamani kwenye kuta za chini, pampu inayofanya kazi bila kupumzika, miguu ya nguzo iliyolowa. Mti mkubwa karibu na ukuta na jirani anayechimba msingi mpya uviandike vyote viwili.

Hatua ya kumi: wanaoishi na wanaofanya kazi humo

Mtunza jengo anajua kuliko ripoti yoyote. Usimhoji kama polisi. Muulize swali moja: "Mvua kubwa ikianza usiku, unakimbilia wapi kwanza?" Mmoja hakufikiri hata kidogo: "Chumba cha mita, bosi. Naweka matambara chini ya mlango." Chumba cha mita za umeme. Hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote niliyopewa.

Wapangaji waulize wamekaa muda gani, wanalipa kiasi gani, walitoa amana kiasi gani, na wamelalamikia nini kisichotengenezwa. Piga hodi, omba ruhusa, usipige picha za vitu vyao. Unaingia nyumbani kwa watu. Kabla ya kununua, kila mpangaji atie saini tamko fupi la kodi yake na amana yake, ili asije mtu akadai mapatano mengine baadaye.

Hatua ya kumi na moja: wataalamu, kisha hesabu

Mhandisi, fundi umeme na fundi bomba wawe wako, umewalipa wewe. Usichukue aliyependekezwa na dalali, kwa sababu dalali hulipwa biashara ikifungwa. Mkabidhi mhandisi picha zako, na ripoti ijibu maswali matatu: nini ni hatari leo, nini kitadai pesa ndani ya miaka 5, nini ndani ya 10.

Kwa hesabu, kipimo changu ni kodi ya fleti moja kwa mwezi mmoja, naiita kodi-mwezi. Chukua mfano wa jengo la fleti 20. Daftari linasema 240 kwa mwaka. Benki inasema 212. Ulinzi, usafi, bima, kodi za serikali, usimamizi na matengenezo madogo ni 85. Zimebaki 127. Lifti mpya itagharimu 150 na iliyopo imebakiza miaka 10, hivyo kila mwaka weka kando 15. Zimebaki 112. Ukitaka faida ya asilimia 8 kwa mwaka, gawanya 112 kwa 0.08: jengo lina thamani ya kodi-mwezi 1,400. Toa yale yanayotakiwa mara moja, tuseme paa 60, bomba kuu la maji taka 45, nyaya 90, jumla 195. Unafika 1,205.

Muuzaji kwa faida hiyohiyo atapiga 240 kutoa 85, agawanye kwa 0.08, apate zaidi ya 1,900. Tofauti inapita kodi-mwezi 700, nanyi nyote mnalitazama jengo moja.

Hatua ya mwisho: kurudi mezani

Peleka ripoti na hesabu, bila maneno ya kulidharau jengo lake. Una njia tatu: bei ishuke, muuzaji atengeneze kwanza, au sehemu ya pesa ishikwe na wakili mpaka kazi ikamilike. Napendelea ya kwanza. Mtu anayeuza hutengeneza kwa bei ndogo kuliko zote, na paa utakayeishi nalo ni wewe.

Nikikuta boriti zinazoendelea kupasuka, ghorofa zisizo na kibali wala hesabu ya mhandisi, mgogoro wa hati, au fleti ninazokataliwa kuziona mara mbili, naondoka, hata kama nimekwisha kulipia ukaguzi. Pesa ya ukaguzi imefanya kazi yake.

Kama mmekubaliana, rudi asubuhi ya siku ya kusaini. Pampu ya maji iliyokuwapo bado ipo? Milango, mita, sinki za fleti tupu? Pokea funguo zote, ramani, dhamana za mafundi, na amana za wapangaji kwa orodha yenye majina. Panda paani kwa mara nyingine. Kisha someni mita zote za maji na umeme pamoja, namba ziandikwe kwenye karatasi moja, na nyote wawili mtie saini hapohapo chumba cha mita.